Mnara Huanza na Chokaa

"Mwalimu, wenzetu wa pwani wana minara ya mawe ya miaka mia sita. Sisi tulikuwa wapi?"

Aliyeuliza ni msichana wa kidato cha pili, katika darasa moja hapa Laare, majuma mawili baada ya shule yao kurudi kutoka ziara ya magofu ya Gede, pwani. Nilikuwa nimealikwa kueleza kazi yangu ya kuchunguza na kutunza majengo ya kale. Darasa lilicheka, yeye hakucheka. Nilimjibu kwa haraka kuliko swali lake lilivyostahili, kengele ikalia, tukaachana. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Nianze na pale aliposimama. Laare imekaa kwenye safu ya Nyambene, kwa Wameru wa Igembe, milima iliyozaliwa na volkano. Ukichimba shimo la choo, ukilima shamba jipya au ukikata barabara, jembe na sururu hukutana na jiwe jeusi zito, jiwe la lava iliyopoa. Wakulima hulitoa shambani na kulipanga kwenye kingo za matuta ili udongo mwekundu usishuke na mvua. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba milima hii ilikosa mawe. Mawe yamejaa, na mikono ya kuyapanga ilikuwapo. Kilichokosekana ni kitu kingine, na mtu hawezi kukitambua mpaka aelewe mnara wa kale unasimamaje.

Minara yenyewe

Tunaposema zama za kati katika Afrika Mashariki, tunakusudia takriban kati ya mwaka 1000 na 1500. Huo ndio wakati miji ya Waswahili ilipotajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi, na ndio wakati ulioacha magofu mengi tunayotembelea leo. Miongoni mwa magofu ya pwani, ya wakati huo na ya baadaye, kuna jengo moja lisilofanana na mengine: kaburi lenye nguzo ndefu ya mawe iliyoinuka kutoka kwenye ukuta wake. Wataalamu huliita kaburi la mnara. Kuta za chini huwa fupi, zimepambwa kwa vijisanduku vilivyochongwa, na nguzo hupanda ikiwa ya mviringo, ya pembe nne au ya pembe nane. Nyingine zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China, ambazo zikipigwa na jua la asubuhi huonekana kwa mbali.

Makaburi haya yanapatikana kutoka kusini mwa Somalia hadi kaskazini mwa pwani ya Tanzania. Kuna moja maarufu Malindi kando ya Msikiti wa Ijumaa. Kuna mengine Kaole karibu na Bagamoyo, na Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Kule Takwa, katika kisiwa cha Manda, kuna kaburi la mnara nje ya mji, na msikiti wa pale nao una nguzo juu ya ukuta wa kibla. Juu ya hori la Kilifi kuna mji wa kale ambao mnara wake ulilipa eneo zima jina: Mnarani. Watu wa pale walisahau mengi juu ya mji huo, lakini kila siku wanapotaja nyumbani kwao wanautaja mnara.

Ni muhimu kujua kwamba umbo hili halikuletwa likiwa tayari kutoka Uarabuni. Ni la pwani yetu. Wapo watafiti waliolifananisha na desturi za majirani wa karibu, kama vigango vya Wagiriama, zile nguzo za mti zinazochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya wazee wa heshima waliofariki. Hakuna aliyethibitisha kwamba kimoja kilizaa kingine. Lakini wazo la kusimamisha kitu kirefu ili jina la marehemu lisilale pamoja naye lilikuwapo katika mti kama lilivyokuwapo katika jiwe.

Siri ya chokaa

Sasa tuvunje mnara mmoja kwa akili zetu, tuone ndani. Hatutakuta matofali yaliyopangwa sawasawa. Tutakuta vipande vya tumbawe vya kila umbo, vikubwa na vidogo, vimezamishwa katika chokaa. Nje kuna lipu laini, pia ya chokaa. Tumbawe ni jiwe lililojengwa na viumbe wadogo wa baharini. Kuna lile la kale lililobaki nchi kavu bahari ilipopungua, gumu na lenye matundu, ambalo ndilo la kuta. Na kuna lile linalokatwa likiwa bado majini: likitoka ni laini kiasi cha kuchongwa kwa ncha ya chuma, kisha hukauka na kuwa gumu. Hilo ndilo lililotumika kwa mihrabu, miimo ya milango na mapambo.

Chokaa hutoka katika jiwe hilohilo. Waashi wa pwani hupanga magogo katika duara, tabaka juu ya tabaka, kisha hurundika vipande vya tumbawe juu yake na kuwasha moto. Jiwe likifikia joto la nyuzi mia tisa hivi, gesi ya kaboni iliyomo ndani hutoka, na kinachobaki ni donge jeupe jepesi lenye ukali wa kuunguza ngozi. Donge hilo likipata maji huchemka, hupasuka na kuwa unga. Katika desturi ya zamani unga huo uliachwa miezi mingi upigwe na umande na mvua kabla ya kutumiwa, kwa sababu chokaa isiyotulia huja kupasua ukuta baadaye. Ikichanganywa na mchanga na maji na kuwekwa kati ya mawe, huanza kuvuta hewa. Gesi ile iliyofukuzwa na moto hurudi polepole, na unga hugeuka kuwa jiwe tena. Hiyo ndiyo ajabu ya kazi hii: jiwe limevunjwa kwa moto, limechukua umbo ambalo mwashi alilitaka, kisha hewa imelirudishia ugumu wake.

Kwa sababu ugumu huo huja polepole, mwashi wa chokaa hana haraka. Hujenga kimo kidogo, akasubiri kikauke, ndipo akapanda tena. Akikimbilia juu, uzito wa mawe mapya huminya chokaa mbichi chini na nguzo hulala. Ukitazama kwa makini mnara uliopoteza lipu yake, mara nyingine utaona mistari ya mlalo inayozunguka mwili wake. Pale ndipo fundi alipotua zana. Mnara mwembamba wenye kimo cha mita kadhaa ni kumbukumbu ya subira kabla haujawa kumbukumbu ya marehemu.

Lakini chokaa hula kuni nyingi, na hudai watu wa kukata tumbawe, kulibeba, kulichoma na kulijenga. Ndiyo maana hata pwani jiwe halikuwa la kila mtu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba misikiti ya mji ule ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton na wenzake walichimbua miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe wakakuta alama za misikiti iliyotangulia, na ya kwanza ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Jiwe lilikuja juu ya mti, baada ya vizazi.

Na Gede yenyewe, aliyoitembelea yule msichana, ina funzo kubwa zaidi ambalo watembezaji wengi hulipita. James Kirkman alianza kuchimbua pale mwaka 1948, akafichua jumba, msikiti mkuu, visima vyenye kina na nyumba za matajiri. Watoto wetu hupigwa picha mbele ya majengo hayo. Lakini kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje wa mji kuna eneo kubwa ambalo karibu lote halina magofu ya mawe. Halikuwa tupu. Huko waliishi watu wa kawaida wa Gede, katika nyumba za udongo na miti zilizoezekwa, na nyumba hizo zimerudi ardhini. Walio wengi wa mji ule hawakuacha ukuta wa kuonyesha wajukuu. Sasa Gede imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2024, na heshima hiyo ni yao pia, hata kama hakuna jiwe linalobeba majina yao.

Kwa nini si hapa

Turudi Nyambene. Jiwe letu jeusi ni la volkano. Ulichome usiku na mchana, halitakupa chokaa, kwa kuwa halina ndani yake kile ambacho tumbawe na mawe ya chokaa huwa nacho. Fundi wa hapa angeweza kutumia udongo kama kiunganishi, lakini udongo ulio wazi katika mvua za Igembe haumalizi misimu mingi. Kwa hiyo ujenzi wa mawe wa kudumu hapa ungelazimika kuwa wa jiwe juu ya jiwe bila kitu katikati.

Ujenzi wa namna hiyo unawezekana, na Afrika ina mifano yake mikubwa. Hapa Kenya tuna Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Pale kuna maboma yenye kuta zinazofikia mita nne na zaidi kwenda juu na unene wa mita moja hivi, zilizojengwa karibu na karne ya 16 bila tone la chokaa. Siri yake ni mpangilio: mawe makubwa nje na ndani, madogo yakijaza katikati, kila jiwe likikaa juu ya maungio ya mawe mawili ya chini, na ukuta ukipinda kwa mizunguko ili upande mmoja uegemeze mwingine. Ukuta mrefu ulionyooka bila chokaa huyumba kwa urahisi zaidi. Ukuta uliopinda hujishika wenyewe.

Na mnara? Upo mmoja mashuhuri kuliko yote: ule wa Zimbabwe Kuu, ndani ya boma kubwa lililojengwa kwa matofali ya itale yaliyopasuliwa. Una kimo cha mita kumi hivi. Lakini utazame umbo lake. Chini ni mnene, upana wa mita tano hivi, juu unapungua, na ndani umejaa mawe matupu. Hauna chumba wala ngazi. Watafiti wa zamani walichimba pembeni na chini yake wakitafuta hazina au kaburi, wakaambulia mawe na udongo. Hivyo ndivyo mnara bila chokaa unavyolazimika kuwa: mzito, mnene, uliojaa. Ule mwembamba wa Malindi au Mnarani ni mtoto wa chokaa, na bila chokaa hauzaliki.

Hata hivyo nitakuwa sijasema kweli yote nikikomea kwenye jiwe. Jengo huanza na haja. Kaburi la mnara linadai mtu mmoja anayetakiwa kukumbukwa juu ya wenzake, na ukoo wenye mali ya kugharimia kumbukumbu hiyo. Katika milima hii mamlaka yalikuwa ya mabaraza ya wazee, na juu yake Njuri Ncheke, na watu walipangwa kwa marika. Aliyekumbukwa alikumbukwa pamoja na rika lake. Na misitu ilikuwa karibu, kwa hiyo nyumba na ua vilijengwa kwa mti. Ukiuliza kwa nini hapakujengwa mnara, sehemu ya jibu ni jiolojia, na sehemu nyingine ni kwamba watu hawa walihifadhi jina kwa njia tofauti.

Jinsi ya kuuliza gofu umri wake

Kabla sijafika kwenye njia hiyo, nieleze jinsi tunavyojua umri wa jengo la kale, kwa sababu bila hilo mtu hawezi kulinganisha jiwe na simulizi.

Njia rahisi ni maandishi. Gede ina kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Hapo hakuna ubishi juu ya kaburi lile, ingawa mwaka wa kaburi moja hauwi mwaka wa mji mzima.

Njia ya pili ni vyombo. Bakuli la China lililopachikwa kwenye mnara lina mtindo wake, rangi yake na udongo wake, na wataalamu wa kauri wanaweza kusema lilitoka katika utawala gani. Mnara hauwezi kuwa na umri mkubwa kuliko bakuli lililozamishwa ndani yake lilipokuwa likijengwa. Lakini unaweza kuwa na umri mdogo sana kuliko hilo bakuli, kwa maana vyombo vya thamani hurithishwa, na mjukuu anaweza kupachika bakuli la babu. Bakuli linatuambia "si kabla ya hapa". Halituambii "ni hapa hasa".

Njia ya tatu ni kaboni. Mkaa uliobaki kutoka kwenye moto wa zamani hupoteza aina moja ya kaboni kwa mwendo unaojulikana, na maabara hupima kiasi kilichobaki. Njia hii haihitaji mnara wala ukuta. Inahitaji kipande cha mkaa kilichokaa mahali pake, katika tabaka lake la udongo, bila kuguswa. Kwa sababu hiyo tabaka lina thamani kuliko kitu. Kigae cha chungu kilichookotwa na kuwekwa mfukoni kimepoteza nusu ya maneno yake, kwa kuwa hatujui tena kilikaa juu ya nini na chini ya nini.

Njia ya nne ni kumbukumbu ya watu. Hapa ndipo Wameru wana utajiri wao.

Mbwaa na Manda

Kila mzee wa Meru amesikia habari za Mbwaa. Simulizi zinasema mababu waliishi huko, mahali palipozungukwa na maji, chini ya watesi walioitwa Nguo Ntuni, wenye nguo nyekundu. Watesi waliwatwisha kazi zisizowezekana. Katika baadhi ya masimulizi walidai kiatu chenye manyoya pande zote mbili, na mkuki mrefu wa kugusa mawingu. Wazee walipoona hakuna njia, waliondoka usiku, na kiongozi wao akayagawa maji kwa fimbo. Waliovuka gizani wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa wekundu, waliovuka jua limetoka wakaitwa weupe. Migawanyo hiyo mitatu ya koo, njiru, ntune na njeru, inajulikana hadi leo.

Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru tangu mwisho wa miaka ya 1960, alipendekeza kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda, na kwa kuhesabu marika kurudi nyuma alikadiria kwamba safari ilianza karibu na mwaka 1700. Hebu tuweke pendekezo hili mbele ya jiwe.

Manda ina magofu ya kale sana. Neville Chittick, aliyechimbua huko kuanzia miaka ya 1960, alionyesha kwamba mji wa Manda ulikuwapo tangu karne ya 9. Upande wa pili wa kisiwa kuna Takwa, mji wenye mnara nilioutaja, ambao ulihamwa kuelekea mwisho wa karne ya 17. Tarehe hizo mbili, ya kuhamwa kwa Takwa na ya kuondoka Mbwaa, zimekaribiana. Na maji ya pale yana tabia inayofanana na simulizi: mkono wa bahari unaoingia Takwa hufuata kujaa na kupwa kwa maji: yakijaa mashua zinapita, yakipwa nahodha hubaki amekaa matopeni. Kati ya Manda na bara napo pana maji ya kina kifupi yenye mikoko. Mtu anayejua saa ya maji kupwa anaweza kuvuka mahali ambapo mgeni ataona bahari tu.

Haya yanavutia, nami nimeona wasomaji wakiyapokea kama ushahidi uliokamilika. Kazi yangu inanilazimu niseme: bado. Mapokeo ya Shela, mji ulio upande wa pili wa mlango wa bahari, yanasema watu wa Takwa walihamia kwao, si milimani, na watu wa Shela wameendelea kurudi Takwa kuomba dua. Lugha nayo ina ushahidi wake: Kimeru ni ndugu wa Kitharaka, Kiembu, Kigikuyu na Kikamba, lugha za nyanda za juu za katikati ya Kenya, na udugu huo ni wa karibu zaidi kuliko ule wa Kimeru na Kiswahili. Neno la Kimeru iria linaweza kuwa bahari, na linaweza kuwa ziwa, kwa hiyo maji ya simulizi si lazima yawe ya bahari. Na msikilizaji makini atauliza kama habari ya fimbo na maji haikupata nguvu zaidi baada ya watu kumsikia Musa kanisani.

Je, simulizi ni ya uongo basi? Hapana. Shahidi anaweza kusema kweli bila kuijua kweli yote. Huenda kundi moja lilitoka pwani likaja na kumbukumbu yake, likawakuta wengine milimani, na baada ya vizazi kumbukumbu ya wachache ikawa ya wote, kama jina la ukoo mmoja linavyoweza kuwa jina la kijiji. Njia ya watu hao si ya kubuni: mito ya Nyambene, kama Ura na Rojewero, huingia Tana, na Tana humwaga maji yake baharini karibu na Kipini, ambako si mbali na magofu ya mji wa kale wa Ungwana. Kutoka Laare hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, lakini maji yanayopita chini ya milima hii huenda upande ule kila siku.

Ninachokishikilia ni hiki. Jiwe na simulizi ni mashahidi wawili. Kila mmoja ahojiwe peke yake kwanza, kwa kanuni zake, ndipo wakutanishwe. Tukimlazimisha mnara wa Takwa aseme maneno ya mzee wa Igembe, tumemnyamazisha mnara. Tukimdharau mzee kwa kuwa hana mnara, tumemnyamazisha mzee.

Kinachobomoa, na kinachoweza kuokolewa

Magofu yana maadui wanaojulikana. Mzizi wa mkuyu huingia katika ufa mwembamba, ukinenepa hufungua ukuta. Chumvi ya bahari hupanda ndani ya jiwe pamoja na unyevu na kulimega kutoka ndani. Mnara wa Mambrui, uliopambwa kwa bakuli za China, ulianguka mwaka 1934. Mnara wa Mbaraki mjini Mombasa, wenye kimo cha mita 14 hivi, umeegemea upande, na kuuzuia usianguke kumehitaji kazi ya mafundi. Adui mwingine huja na nia njema: saruji. Fundi anaona ufa, anauziba kwa saruji, anaondoka akiwa ametosheka. Saruji ni ngumu kuliko chokaa na haipumui. Unyevu uliokuwa ukitoka kupitia chokaa sasa hunaswa, hutafuta njia kwenye jiwe la kale lililo kando, na baada ya miaka kiraka kimesimama na jiwe limeoza. Jengo la chokaa hutibiwa kwa chokaa.

Nyambene haina minara ya kuzibwa nyufa, lakini ina mabaki yake yanayomomonyoka, tena bila kelele. Yamo ardhini: tabaka jeusi la majivu, vigae vya vyungu, mabonge mazito ya takataka za kufulia chuma. Kila msingi wa nyumba unaochimbwa mjini unaweza kukata mahali kama hapo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayevumbua kitu cha kale atoe taarifa. Kabla ya taarifa, kuna hatua ambayo haihitaji fedha: acha kuchimba pale, usikitoe kitu, piga picha ukiweka kalamu kando yake ili ukubwa ujulikane, andika kina chake.

Na yamo shambani. Igembe ina miti mikongwe ya miraa inayoitwa mbaine, yenye mashina mazito, iliyopandwa na watu ambao wajukuu zao nao wameshakuwa wazee. Mzee akiulizwa ni nani aliyeupanda mti fulani, hataji mwaka. Hutaja mtu na rika lake: Ratanya, Lubetaa, Miriti, Gwantai. Marika hayo yana mpangilio unaojulikana, moja baada ya jingine, na mtafiti anayeujua anaweza kuusoma kama anavyosoma maandishi ya kaburi. Bakuli la China katika mnara linasema "si kabla ya hapa". Rika katika jina la mpanda mti nalo linasema jambo la aina hiyo, na tahadhari ni ileile: majina ya marika hurudi baada ya mzunguko, kwa hiyo ni lazima kuuliza ni Ratanya wa kwanza au wa baadaye.

Tofauti ni kwamba bakuli litakuwa pale mwakani. Mzee huenda asiwepo, na shoka halijui umri wa mti.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeuliza, nakujibu sasa. Mlikuwa hapa, au mlikuwa njiani mkija hapa, au wengine wenu walikuwa hapa wakati wengine wakiwa njiani. Mlijenga kwa mti kwa sababu mti ulikuwapo na chokaa haikuwapo, na mlihesabu watu kwa rika badala ya kuwahesabu kwa makaburi. Likizo ikifika, mwombe babu au nyanya akuonyeshe mbaine mkongwe kuliko yote katika shamba lenu. Andika nani aliupanda, wa rika gani, nani alimwambia, na tarehe uliyoambiwa wewe. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine kwenye kabati la shule.

Na ukijaliwa kurudi Gede, ukishatazama jumba na kaburi la 1399, waombe walimu dakika kumi. Tembea utoke nje ya ukuta wa ndani, ufike pale penye miti na majani makavu ambapo hakuna gofu hata moja. Simama hapo. Hapo ndipo walipoishi wengi wa watu wa Gede.